Je, wajua? Kwa nini Goma ina volkano na Kigoma haina, wakati zote ziko kwenye ufa mmoja

Okota jiwe kwenye miamba ya ufukweni Kigoma mjini ulikune kwa ncha ya kisu. Kisu ndicho kitakachoumia: utaona mstari wa chuma umebaki juu ya jiwe, na jiwe lenyewe halina jeraha. Lisogeze karibu na jicho utaona punje za mchanga zimeshikana kama zimetiwa gundi. Huo ni mchanga wa kale sana ulioshindiliwa ukawa mwamba, na hakuna moto wa volkano uliohusika.

Sasa nenda kaskazini kama kilomita 350 kwa mstari ulionyooka hadi Goma, mashariki mwa Kongo. Jiwe la huko ni jeusi, lina vitundu kama sponji, na kingo zake zinakata soli ya kandambili. Watu wa Goma hujengea uzio kwa mawe hayo kwa sababu yamezagaa kila mahali. Ni lava iliyoganda, na nyingine imeganda watu wazima wakiiangalia.

Ajabu ni kwamba miji hii miwili imekaa kwenye tawi moja la Bonde la Ufa, lile la magharibi. Ardhi inapanuka chini ya zote mbili, kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ila Goma ufa hufunguka kwa kupitisha magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, na Kigoma hufunguka kwa miamba kukatika na kudidimia. Kidogo kidogo, kwa mamilioni ya miaka, kudidimia huko kumetuchimbia Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470.

Tuanze na mlima wenyewe, maana ndio wenye vituko.

Nyiragongo una urefu wa mita 3,470 na uko chini ya kilomita 20 kutoka Goma. Ni mmoja kati ya milima minane ya Virunga, na ni miwili tu inayowaka mara kwa mara: huo na jirani yake Nyamulagira. Nyamulagira ni mpana na umelala kama ngao iliyofunikwa chini. Nyiragongo umesimama wima kwa sababu ni volkano ya matabaka: lava, halafu majivu na vipande vya mawe, halafu lava tena, mlipuko juu ya mlipuko. Ubavuni umeegemea volkano mbili za zamani, Baruta upande wa kaskazini na Shaheru upande wa kusini. Kileleni kuna kasoko, yaani shimo la mdomo wa volkano, yenye upana wa zaidi ya kilomita moja, na ndani yake mara nyingi hukaa ziwa la lava inayochemka.

Volkano nyingi za umbo hili huua kwa majivu na mlipuko, kwa kuwa lava yake ni nzito. Inaziba njia, gesi inajibana chini, mwisho mlima unapasuka. Nyiragongo hauko hivyo. Kinachoamua ni silika, madini yaleyale yanayounda mchanga mweupe. Lava nzito huwa na silika asilimia 55 hadi 70. Ya Nyiragongo haifiki 40. Mama lishe yeyote wa Ujiji anaijua tofauti hii bila kusoma jiolojia: ile ni ugali, hii ni mawese yaliyopata moto. Mawese ya asubuhi yenye baridi hukwama kwenye chupa, lakini yakishapashwa hukimbia kuliko maji ya uji. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi namna hiyo kwa sababu inatoka kina kirefu sana, mahali ambapo ni sehemu ndogo tu ya mwamba iliyoyeyuka, nayo ina kaboni na chumvi za sodiamu na potasiamu kwa wingi.

Kwa hiyo hatari yake iko hivi. Fikiria pipa la mafuta ya moto limewekwa juu ya dari. Halihitaji kulipuka. Tundu moja ubavuni linatosha.

Tundu hilo lilitokea tarehe 10 Januari 1977. Ziwa la lava lililokuwa kileleni kwa takriban nusu karne lilipata nyufa kwenye mbavu za mlima, na mita za ujazo zipatazo milioni 20 zikamwagika kwa muda usiofika saa moja. Kwenye mteremko mkali lava ilifikia mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ambao ni mwendo wa basi. Watu wasiopungua 70 walikufa vijijini, na wengine wanakadiria zaidi.

Tarehe 17 Januari 2002 mambo yalikuja kwa sura nyingine. Ufa ulipasuka kutoka mlimani ukashuka kuelekea mjini, na lava ikatokea chini kabisa, karibu na nyumba za watu. Mteremko ulikuwa mdogo, hivyo ilitembea polepole na wengi walipata nafasi ya kukimbia, watu wapatao 400,000. Lakini ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ikaingia Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao. Wengi kati ya waliokufa hawakufunikwa na lava: waliuawa na gesi, na kwa kuporomoka kwa majengo. Wengine walikufa kituo cha mafuta kilipolipuka.

Mara ya tatu ni jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Safari hii mlima haukutoa ishara za maana mapema. Lava ilisimama pembezoni mwa jiji, haikufika uwanja wa ndege, lakini watu takriban 30 walikufa na maelfu walipoteza nyumba. Halafu, lava ikiwa imeshasimama, ardhi ikaanza kutetemeka siku baada ya siku. Magma ilikuwa inajipenyeza chini ya jiji kuelekea ziwani. Tarehe 27 Mei mamlaka ziliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe. Magma ile haikutokea juu.

Kwa nini ziwa linawatia watu hofu? Chini ya Kivu, kwenye maji ya kina cha zaidi ya mita 250, kumeyeyuka kiasi cha kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani. Ni kama soda ambayo haijafunguliwa. Lava ya 2002 iliingia ziwani, ila haikufika kina hicho. Tanganyika nayo haina oksijeni kule chini, lakini haina volkano inayoijazia gesi kwa kiasi hicho, kwa hiyo mvuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, hana haja ya kubeba hofu ya Kivu.

Kuna neno la Kiswahili ambalo wataalamu wa volkano duniani wamelichukua kutoka Goma: mazuku. Ni mabonde madogo na mashimo ambamo kabonidayoksaidi inayovuja ardhini hujikusanya. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, haina rangi wala harufu. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa haupo, hujaa shimoni kama maji. Dalili yake ni nyasi zilizokauka kwenye shimo huku za pembeni zikiwa kijani, na wadudu, ndege au mbuzi waliokufa bila jeraha. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama, na mtoto aliyeshikwa mkono akaanguka, kwa sababu pua yake iko chini ya usawa wa gesi. Kosa linaloua familia nzima ni kumfuata aliyeanguka. Anayeinama kumnyanyua anavuta gesi ileile. Na mtu asijidai kuipima kwa kibiriti: moto ukizimika, gesi imeshafika kiwango cha kumwangusha binadamu.

Turudi kwetu. Magma haipatikani kila mahali ufa unapopita. Ukiuchora ufa wa magharibi kutoka Uganda hadi Mbeya, utaona volkano zimejikusanya kwenye vituo vichache: magharibi mwa Uganda, Virunga, Kivu ya Kusini, halafu unaruka Ziwa Tanganyika lote hadi ukutane na Rungwe na Kyejo kule Mbeya. Vituo hivyo viko zaidi kwenye maungio, pale kipande kimoja cha ufa kinapomalizika na kingine kuanza kwa kupishana. Hapo miamba imevunjikavunjika, na magma hupata pa kupenya. Kigoma iko kwenye kipande kirefu kilichonyooka, juu ya mwamba mnene na wa baridi ambao haujakonda kiasi cha kuyeyusha vya kutosha chini yake. Dalili za joto zipo, lakini ni ndogo: kwenye sakafu ya ziwa upande wa Kongo, kaskazini, kuna chemchemi za maji moto.

Mtu wa Tabora ndiye aliyekaa mahali patulivu kuliko wote. Yale majabali ya graniti ya Unyamwezi ni sehemu ya kiini cha kale cha bara, chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu na mizizi mirefu iliyopoa zamani. Joto linalopanda kutoka chini haliwezi kuutoboa mzizi huo, linauzunguka. Ndiyo maana Bonde la Ufa limegawanyika matawi mawili, moja likapita Arusha na jingine likapita kwetu, Tabora ikaachwa katikati.

Deni la Kigoma hulipwa kwa matetemeko. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika, likaua watu upande wa Kalemie na kutikisa miji ya ukanda wote. Nyumba za kwanza kuanguka huwa ni za tofali zilizojengwa kwa udongo bila lenta, na kinachotangulia ni ule ukuta wa pembetatu unaoshika paa, kwa kuwa haujafungwa na kitu juu. Lenta ya zege yenye nondo nne za milimita 12 zilizofungwa kwa ringi inasaidia sana, ila izunguke nyumba nzima bila kukatika. Mafundi wengi huiweka juu ya milango na madirisha tu, ili kubana saruji. Hiyo inabeba tofali, haifungi kuta. Na ukiwa ufukweni ardhi ikatikisika kwa nguvu, panda juu, usisubiri kuangalia maji yatafanya nini.

Hata hivyo volkano za Virunga zimetufikia kwa njia nyingine. Zamani maji ya eneo la Kivu yalitiririka kaskazini kuelekea Nile. Milima ile ilipoota ikaziba njia, ziwa likajaa, na miaka kama 10,000 iliyopita likamwagikia kusini. Ndio Mto Ruzizi huo, unaoshuka karibu mita 700 kutoka Kivu hadi Tanganyika. Umekuja na chumvichumvi zilizoyeyuka kwenye mawe ya volkano, hasa magnesiamu na potasiamu, na sehemu kubwa ya madini yaliyomo kwenye maji yanayotekwa leo Kibirizi na Ujiji imepitia huko.