Vidole kucheza si dalili kwamba mfupa ni mzima

Mtu kateleza ngazini, kifundo cha mguu kimevimba kama andazi, na wa kwanza kufika anamwambia: "Hebu chezesha vidole. Vinacheza? Basi hujavunjika, umeteguka tu." Hapo inatafutwa mafuta ya kuchulia.

Kipimo hicho hakina maana. Misuli mikuu inayovuta vidole ipo juu, kwenye muundi na shavu la mguu, na kano zake hupita tu kando ya kifundo. Mfupa mwembamba wa nje waweza kupasuka pale chini na vidole vikaendelea kucheza. Wengine hata hutembea, wakichechemea.

Madaktari wana kipimo chao, kilichotoka Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Bonyeza ukingo wa nyuma wa jicho la mguu, la ndani na la nje, sentimita 6 za chini. Mfupa wenyewe ukiuma, au mtu akishindwa kwenda hatua nne tangu alipoumia hadi anapopimwa, apigwe eksirei. Kipimo hiki hakimfai mlevi wala mwenye ganzi miguuni, mathalani mgonjwa wa kisukari, kwa kuwa maumivu yake hayaaminiki.

Kuvunjika kwenyewe si lazima kuishie chumba cha upasuaji. Kiungo kikiwa kimetulia, hogo au buti maalumu hutosha. Vyuma na skrubu ni vya kiungo kilichohama mahali pake. Kukichua kifundo cha namna hiyo, hata kwa mkono mwepesi wa bibi, kwaweza kukihamisha zaidi.