Mama alipima, hana VVU. Mbona mtoto anavyo?

Swali hili huwa naulizwa mtu akiwa ameshashika kitasa cha mlango, anataka kutoka. Mama alipimwa kliniki mimba ikiwa changa, akaambiwa hana VVU, halafu mtoto akaja kugundulika anavyo. Ndugu husema kipimo kilikosea. Mara nyingi hakikukosea: kilisema kweli ya siku ile, na mama akaambukizwa baadaye, tumbo likiwa kubwa au mtoto akiwa tayari ananyonya.

Maambukizi mapya ndiyo ya hatari zaidi kwa mtoto. Wiki za mwanzo mwili haujajipanga, virusi huzaliana kwa kasi na kujaa kwenye damu na maziwa. Mama anaweza asijisikie chochote, au apate homa na uchovu, ambavyo mjamzito yeyote atasema ni mimba tu. Ndiyo maana nataka apime tena miezi mitatu ya mwisho, kisha arudie akiwa ananyonyesha. Na baba apime kwa damu yake mwenyewe! Wapo wanaojibu, "Kama mke wangu hana, na mimi sina." Wenza wanaweza kuishi miaka wakiwa na majibu tofauti.

Mama anayejijua ana VVU na anameza ARV kila siku hanikoseshi usingizi hata kidogo. Bila dawa, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa, wakiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mwaka 1994 ilipotangazwa kwamba AZT, moja ya ARV za mwanzo, peke yake, kwa watoto wasionyonyeshwa, imeshusha idadi kutoka 25 hivi hadi 8 kati ya 100, ilikuwa habari kubwa. Leo mama aliyeanza dawa kabla ya mimba, virusi vyake vikafubaa, hatari kwa mtoto hadi anapozaliwa ni chini ya 1 kwa 100. Anaponyonyesha, vidonge visikatike hata siku moja.

Kumpima mtoto nako kuna mtego. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na zile za mama zinaweza kubaki kwenye damu ya mtoto hadi miezi 18. Kwa hiyo akiwa na wiki 4 hadi 6 tunatafuta virusi vyenyewe. Napasha kisigino joto, nachoma pembeni, tone la kwanza nalifuta kwa pamba, yanayofuata yanajaza viduara kwenye karatasi nene, kisha inaachwa ikauke yenyewe, mbali na jua. Mama huwa anaangalia karatasi, haangalii mtoto.

Majibu yakirudi mazuri, bado ananyonya, kwa hiyo atapimwa tena, na mara nyingine akishaachishwa ziwa. Kwenye kadi siandiki "hana" peke yake. Kando yake naandika tarehe ya kipimo, na chini yake tarehe ya kurudi.