Hujala hata senti ya 401(k), lakini hundi imeandikwa jina lako

"Pesa sijaigusa, nimeihamisha tu, kwa nini nikatwe?" Watu waliofanya kazi Marekani wakarudi Arusha na Moshi hawachoki kuuliza hivi. Wanaamini akiba ya 401(k), ile ya uzeeni inayowekwa kupitia mwajiri Marekani, ikiishia kwenye akaunti nyingine ya uzeeni, kodi haihusiki. Kumbe IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haitazami ilikoishia tu, inatazama ilikopita.

Ukiomba uhamisho wa moja kwa moja, hundi huandikwa jina la taasisi inayotunza IRA yako (akaunti yako binafsi ya uzeeni), kwa manufaa yako. Hakikatwi kitu. Ikiandikwa jina lako wewe raia wa Marekani au mwenye grini kadi, kodi ya zuio ya asilimia 20 inakatwa, utake usitake. Kwa dola 40,000 unashika 32,000. Tangu siku uliyopokea una siku 60 za kuweka 40,000 kamili, maana yake 8,000 unazitoa mfukoni, kisha zilizokatwa unazidai kwenye ritani. Ukiweka 32,000 tu, zile 8,000 ni kipato, na kama hujafika miaka 59 na nusu kuna adhabu ya asilimia 10: dola 800. Sasa hundi hiyo ichukue sandukuni pale Posta ya Clock Tower, uanze kuzunguka benki ukitafuta itakayoikubali, huku siku zinakwenda! Kabla ya kujaza fomu yoyote, piga simu uulize: hundi itaandikwa jina la nani?

Kuipeleka NSSF? Huko ni kutoa pesa. Mfuko wa Tanzania haupokei uhamisho usiotozwa kodi kutoka 401(k).

Kuhamia Roth, akaunti ya uzeeni ambayo pesa yake hulipiwa kodi kabla ya kuingia, nako si bure. Kiasi cha 401(k) ya kawaida unachohamisha huongezwa kwenye kipato cha mwaka huo, na tangu 2018 huwezi kukirudisha ulikokitoa. Kodi yake ilipe kwa pesa nyingine, tafadhali. Ukiikata humo humo kabla ya miaka 59 na nusu, kile kilichokatwa kinapigwa ile asilimia 10.

"Nimeshaondoka, hawanihusu." Grini kadi usiyoirudisha rasmi inakuacha mlipakodi wao hata ukiishi Njiro. Asiye nayo wala uraia hukatwa asilimia 30 anapotoa, na W-8BEN, fomu ya kuonyesha kuwa wewe si Mmarekani, haiipunguzi, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani. Kilichokatwa zaidi unakidai kwa ritani ya 1040-NR, ya wasio wakazi.

Hata uhamisho safi huletewa fomu 1099-R, taarifa ya pesa iliyotoka kwenye akiba ya uzeeni. Tazama kisanduku cha 7: herufi G ndiyo uhamisho wa moja kwa moja. Ukikuta 1, jina lililoandikwa kwenye hundi lilikuwa lako.