Aluminiamu haishiki kutu jamani: tunayokosea kwenye ndege za maboya za Japani

Kuna kitu nakiona karibu kila mtu anapoleta modeli yake ya ndege ya maboya (ile inayotua majini kwa maboya badala ya magurudumu) ya Kijapani ya Vita vya Pili, na hata mimi nilikifanya kwenye Jake yangu ya kwanza, ndege ya upelelezi ya maboya mawili: maboya yamejaa michirizi ya kutu, ile rangi ya udongo mwekundu inayoshuka toka kwenye kila ribiti kama bati la nyumba ya zamani. Macho yanapenda, lakini ndege yenyewe haikuwa hivyo. Maboya yale na mwili ule ni aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine, na aluminiamu ikiliwa na maji ya chumvi haitoi wekundu, inatoa unga mweupe, ule ule unaouona kwenye sufuria iliyolala na maji ya chumvi. Kutu ya kweli utaiweka penye chuma, yaani kichwa cha boliti moja moja na kwenye ekzosi, basi. Kwenye maboya chukua rangi nyeupe iliyochafuliwa kijivu, itie tina, ile ya kuyeyushia rangi, mpaka iwe kama maji ya maziwa, gusa gusa kwenye viungio, kisha futa karibu yote. Kinachobaki kinatosha.

Na hapo hapo kuna ndugu yake huyo: watu wanachora mstari wa maji kwenye boya kama wa jahazi, chini kijani cha mwani, juu safi, eti kwa sababu ndege ilikuwa inaishi baharini. Hapana. Zile za kwenye meli za kivita zilikuwa zinakaa juu ya meli, zinarushwa na manati, na manati yenyewe inasukumwa na baruti, ndege inafyatuka tu. Ikirudi inatua majini pembeni ya meli halafu winchi inainyanyua na kuirudisha juu, kwa hiyo muda wake mwingi ni mkavu, na mwani haupati nafasi ya kuota. Ndiyo maana ile Jake ya namba 4 ya meli ya kivita Tone kwenye mapigano ya Midway kati ya Japani na Marekani, tarehe 4 Juni 1942, kuchelewa kwake kurushwa kama nusu saa kumezungumzwa miaka yote hii, ilikuwa inasubiri kurushwa toka juu ya meli, haikuwa inaelea mahali. Zile za vituo vya pwani nazo zilikuwa zinavutwa nchi kavu kwa kigari cha magurudumu. Chumvi ndiyo ya kuonyesha, rangi iliyopauka na kufifia kwa jua. Mwani waachie wenye modeli za meli.

Kigari hicho kinanileta kwenye jambo la kusimamisha modeli. Watu wanaona Rufe, ndege ya kupigana, ina boya moja kubwa katikati na viboya viwili vidogo chini ya mbawa, wanaiegemeza mezani kwenye kiboya cha bawa, wanadhani nchi kavu ilikuwa inakaa hivyo. Nchi kavu ilikuwa inakaa juu ya kigari. Majini ndiyo inalala kidogo upande mmoja, kiboya kimoja kinagusa maji na cha pili kiko hewani, kwa hiyo ukimwaga bahari ya rezini, ile plastiki ya maji inayoganda, usiisawazishe na rula, iache iiname kidogo na modeli yako itapata uhai.

"Rufe ni Zero iliyofungwa boya." Zero ni ile ndege maarufu ya kupigana ya Japani, yenye magurudumu. Hii nimeisikia mpaka nimechoka, na inaharibu modeli nyingi kwa sababu mtu anachukua Zero iliyobaki kabatini, anaokota boya mahali, anagundisha, anasema kamaliza. Kweli kampuni ya Nakajima waliitoa kwenye Zero ya A6M2, na ilianza kuruka Desemba 1941, zikatengenezwa 327. Lakini walifunika sehemu zote za magurudumu, mkia wakaukuza, na chini ya mkia wakaongeza pezi ambalo Zero ya kawaida haina, kwa sababu boya kubwa lile mbele linaivuruga ndege na lazima kitu cha nyuma kiishike njia. Boya lenyewe lilibeba mafuta pia. Halafu spidi ikashuka toka kama 533 hadi kama 435 kwa saa, kilomita, na huo ndio uzito wa boya na upepo linaoupinga, siyo urembo. Kwa hiyo ukiona "Rufe" yenye mkia wa Zero, ujue aliyeijenga karuka hatua. Tamiya, watengenezaji wa modeli na rangi zake, wana ya skeli ya 1/48 iliyokaa sokoni miaka mingi na mkia wake uko sawa, anza na hiyo.

Halafu upande wa pili wa jambo hilo hilo, wengi wanaamini kila ndege ya maboya ni ya magurudumu iliyobadilishwa. Kampuni ya Kawanishi walifanya kinyume: Kyofu ilizaliwa ndege ya maboya ya kupigana, zikatoka 97 tu, na humo ndimo wakatoa Shiden yenye magurudumu, ambayo marubani wa Marekani waliiheshimu sana. Mi naipenda Kyofu kuliko zote, mwili wake mnene, na boya limekaa kama limechorwa na mtu mmoja siku moja na ndege.

Majina nayo. Rufe, Pete, Jake, Glen, hayo hayakuwa majina ya Wajapani, ni majina ya siri waliyoyapanga Wamarekani mwaka 1942 ili wasitafunane ndimi redioni, ndege za kupigana na za maboya za upelelezi zikapewa majina ya kiume, za mabomu na ndege-boti za kike. Wajapani wenyewe walihesabu kwa mwaka wa kalenda yao ya kifalme. Mwaka 1940 kwao ulikuwa 2600, unaishia sifuri, ndiyo "aina ya 0", kwa hiyo Zero siyo ile ya kupigana peke yake, Pete ni aina ya 0 na Jake ni aina ya 0 pia. Rufe ni aina ya 2, ya 1942. Ukiandika kibao cha modeli yako liandike hilo, kibao kitakuwa na maana.

Sasa rangi, maana hapa ndipo ugomvi ulipo. Wanasema za mwanzo zilikuwa nyeupe. Picha nyeusi na nyeupe ndiyo inayodanganya, jua la Pasifiki linaivuruga kamera na kijivu kinatoka cheupe. Ilikuwa kijivu chenye ukijani wa mbali sana, ukiiweka peke yake huuoni, ukiiweka karibu na karatasi nyeupe unauona mara moja. Tamiya wanayo rangi hiyo, XF-76, mi naipunguza kwa matone mawili matatu ya nyeupe kwa skeli ya 1/72, kwa sababu kitu kidogo kikipakwa rangi kamili kinaonekana kizito.

Kingine ni kubambuka. Imekuwa desturi kwamba ndege ya Kijapani isipobambuka nusu yake siyo ya Kijapani. Picha nyingi tunazoiga ni za ndege zilizotelekezwa mwishoni mwa vita, zimekaa juani bila mtu wa kuzigusa, na nyingi za mwishoni zilipulizwa kijani bila praima, ile rangi ya chini ya kushikilia. Ya 1942 ilitunzwa. Na hata ikichubuka, fikiria tabaka: kama ilitoka kiwandani kijivu halafu kijani kikapulizwa juu kule kituoni, mchubuko wa kwanza unaonyesha kijivu, siyo fedha! Fedha inakuja mtu akikwangua zaidi, pale anapokanyaga akipanda kwa rubani, na kwenye ukingo wa bawa. Mi nafanya hivi, napiga fedha, nasubiri ikauke usiku mzima, napiga kijivu, halafu spreyi ya nywele tabaka mbili jepesi, halafu kijani XF-11, na baada ya kama nusu saa nachukua brashi fupi yenye maji ya uvuguvugu nasugua taratibu penye nyayo za watu tu, kijani kinaachia na kijivu kinatokea, na pale ninapotaka fedha nagusa kwa ncha ya kijiti cha meno. Dakika kumi tu, na unasimama kabla hujatamani kuendelea.

Aotake, ile bluu-kijani inayong'aa, wengi wanaimwaga kokpiti nzima. Ilikuwa vanishi yenye rangi, inaonyesha aluminiamu chini yake, kazi yake kuzuia aluminiamu isiliwe, na makao yake ni ndani ndani, mashimo ya mwili na mbawa. Kokpiti mara nyingi ni kijani cha kawaida kisichopenyeza, Tamiya wana XF-71. Kwa aotake chukua rangi za Tamiya zinazopenyeza, X-23 ya bluu na X-25 ya kijani, zichanganye juu ya fedha, nyembamba, zaidi kijani kuliko bluu. Na usisahau mstari mwekundu kwenye boya na ubavuni usawa wa propela, uliwekwa kumwonya fundi asisogee pale, stika zake mara nyingi ni nyembamba kama uzi, ziloweke moja moja.

Eti ilikuwa vita ya Pasifiki tu, haituhusu. Tarehe 19 Mei 1942 ndege ndogo ya maboya aina ya Glen, iliyobebwa ndani ya nyambizi ya Kijapani I-30, ilipita juu ya Zanzibar na Dar es Salaam kuchunguza bandari. Kabla yake ilikuwa imeshafika Aden na Djibouti. Siku kumi baadaye Glen ya nyambizi I-10 ikapita juu ya Diego Suarez kule Madagaska, na usiku uliofuata nyambizi ndogo zikaipiga manowari ya Waingereza Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Na Septemba 9 mwaka huo huo rubani Nobuo Fujita na Glen ya nyambizi I-25 aliangusha mabomu mawili ya moto kwenye msitu wa Oregon, Marekani, msitu ulikuwa umelowa na moto haukuenea.

Fujimi, kampuni nyingine ya modeli, wametoa Glen ya 1/72. Ni ndogo, inakaa kiganjani, viti viwili, bunduki moja. Nguzo za maboya ndizo ngumu, gundisha boya moja kwanza, iache ikauke, halafu weka la pili ukiangalia kwa mbele mpaka yote mawili yawe sambamba, ukichelewa gundi inakushinda. Yangu sasa iko kwenye rafu ya dirishani, upande unaotazama bandari.