Ubaguzi ulipofika kwenye Meza ya Bwana

Nafundisha historia ya Kanisa, na swali linalonirudia darasani ni hili: mchungaji akikemea ubaguzi wa rangi madhabahuni, si anahubiri siasa? Jibu langu hupitia Dar es Salaam, Juni 1977.

Mwezi huo Fungamano la Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita jijini humo. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wajumbe walikiri kwamba kwa kawaida Wakristo wanaweza kutofautiana katika siasa. Lakini wakasema mfumo wa utawala unaweza kupotoka hadi kuukataa kukawa sehemu ya kuungama imani. Wakayasihi makanisa ya Kilutheri ya wazungu kusini mwa Afrika yaukatae hadharani ubaguzi wa rangi uliokuwa sheria ya serikali huko, yaani apartheid.

Kwa nini sheria za serikali ziwe suala la imani? Kwa sababu ubaguzi ule ulikuwa umeshaingia kanisani kabla ya kuandikwa bungeni. Mwaka 1829 sinodi, yaani mkutano wa maamuzi, ya Kanisa la Reformed la Kiholanzi, kule Rasi katika Afrika Kusini ya leo, iliamua Ushirika Mtakatifu utolewe kwa wote bila kujali rangi. Mwaka 1857 sinodi ikasema kwamba ni vyema, na ndivyo Maandiko yanavyotaka, waongofu wasio wazungu waabudu pamoja na wazungu. Ila kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, waruhusiwe kuabudu kwenye jengo lao.

Isome tena hiyo. Wadhaifu wanaotajwa ni wazungu waliokataa kushiriki meza moja na ndugu zao. Sinodi ilijua Neno linasema nini, ikaliandika, kisha ikawabembeleza waliolikataa. Mzigo wa udhaifu huo wakatwishwa waliofukuzwa. Mwaka 1881 likaundwa kanisa la pekee kwa Wakristo wa asili mchanganyiko. Na chama kilichoshika dola mwaka 1948 na kuufanya apartheid kuwa sheria kiliongozwa na D. F. Malan, aliyewahi kuwa mchungaji wa kanisa lilelile.

Paulo aliikuta dhambi ya aina hii Korintho, wenye nacho wakitangulia kula na wengine wakibaki na njaa. Hakuwaambia wavumiliane kwa kuwa maoni hutofautiana. Aliwauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Ndiyo maana nasema Dar es Salaam haikubuni mafundisho mapya.

Makanisa mawili ya Kilutheri ya wazungu hayakuitikia wito wa Dar es Salaam, na mwaka 1984, kwenye mkutano mkuu wa Fungamano huko Budapest, uanachama wao ukasimamishwa. Wapo walioona hatua hiyo inavunja umoja wa Kanisa. Mimi naona umoja ulikuwa umevunjika tangu siku Mkristo wa kwanza alipoelekezwa jengo la pili, na miaka saba ya kusubiri ilikuwa mirefu mno kwa waliokuwa wakihamishwa kwa nguvu na kufungwa jela.