Maziwa hayamkingi mpuliza rangi: maswali kuhusu thina na ini

Napuliza rangi za magari gereji. Jioni tunakunywa maziwa kuondoa sumu. Yanasaidia?

Hapana, ndugu yangu, na imani hii inaniuma kwa sababu wengi wakishakunywa wanaona wamemaliza. Mvuke wa thina unapita mapafuni na kuingia moja kwa moja kwenye damu. Maziwa yanaishia tumboni, hayakutani nao. Yanywe kama chakula tu. Na acha kunawa mikono kwa thina: inapenya ngozi. Jipake mafuta ya kula kwanza, rangi ilainike, kisha sabuni na maji.

Viyeyushi vyote, kama hiyo thina, vinaharibu ini?

Havilingani. Tolueni, iliyomo kwenye thina nyingi, husumbua zaidi ubongo. Vinavyolishambulia ini hasa ni kaboni tetrakloridi, trikloroethilini ya kuondolea grisi kwenye vyuma, na dimethilifomamidi (DMF) ya viwanda vya ngozi bandia. Ini likijaribu kuvivunja ili vitoke mwilini, huzalika kemikali kali zinazoua seli zake lenyewe. Mwaka 1988 madaktari Marekani waliripoti kiwanda cha kupaka vitambaa kilichotumia DMF: kati ya wafanyakazi 58 waliopimwa, 36 vimeng'enya vyao vya ini vilikuwa juu kwenye damu, ishara kwamba ini linaumia.

Nitajuaje?

Mwanzoni huenda usisikie chochote. Baadaye huja uchovu, kukosa hamu ya kula, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya njano. Kwa wanaoshika DMF, hata bia moja inaweza kuufanya uso uwake moto. Kapime damu, vimeng'enya vya ini viitwavyo ALT na AST. Piga picha lebo ya kopo umwonyeshe daktari, maana asipojua kazi yako atafikiria pombe au homa ya ini tu. Homa ya ini B nayo ipimwe.

Barakoa ya kitambaa inatosha?

Haizuii mvuke hata kidogo. Inayofaa ni yenye vichujio vya mkaa, na ukianza kusikia harufu ndani yake, badilisha vichujio. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Mdai.

Majibu yakitoka mabaya?

Kaa mbali na mvuke na pombe, kisha rudia kipimo kwa ratiba ya daktari. Tatizo likigundulika mapema, ini mara nyingi hupona. Ila ukirudi chumba kile kile bila kinga, litaumia tena.