Pickering Si Msaada wa Masomo, Ni Mkataba wa Kazi

Mzazi mwingine amenipigia simu kunieleza kwa furaha kwamba binti yake "kapata skolashipu ya Pickering, dada yangu, miaka miwili tu atakuwa balozi". Nilimpongeza kwa dhati, maana ushindani wake ni mkali, kisha nikaanza kumweleza yale ambayo mimi, mshauri wa wanafunzi wanaoomba ufadhili katika chuo kikuu hapa Marekani, nimechoka kuyarudia kwenye simu.

La haraka kwanza. Programu ya Pickering, iliyoanza mwaka 1992, na ile ya Rangel iliyofuata, zimekuwa zikiendeshwa na Chuo Kikuu cha Howard kwa ajili ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, nazo ni za raia wa Marekani pekee. Grini kadi haitoshi. Kijana anayeniandikia kutoka Dodoma au Kisumu asipoteze jioni yake kujaza fomu.

Kinachonikera ni watu kuzichukulia programu hizi kama fedha za kusomea, ukihitimu unashukuru na kwenda zako. Mnufaika wa Pickering husaidiwa kulipia shahada ya uzamili ya miaka miwili, hufanya mafunzo kwa vitendo kiangazi kimoja wizarani Washington na kingine katika ubalozi ulioko nje ya nchi, na kwa upande wake hutia saini kwamba atatumika kama afisa wa kidiplomasia kwa muda usiopungua miaka mitano, popote atakapopangwa. Akijitoa katikati anaweza kudaiwa fedha hizo. Hiyo ni ajira inayotanguliwa na masomo, na mwanafunzi anayesoma barua ya pongezi bila kusoma mkataba atakuja kushtuka wakati wenzake wameshaajiriwa New York.

Na saini ya mnufaika haimalizi mambo, kwa sababu bado kuna uchunguzi wa afya na wa usalama. Hapa ndipo watoto wa jamii zetu hutoka jasho. Fomu ya uchunguzi huo wa usalama, SF-86, hutaka majina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, uraia na anwani ya kila ndugu, wakiwamo wa baba mmoja, wanaoishi nje. Sasa fikiria mwanafunzi aliyekulia Minnesota akijaribu kumpata kaka wa baba mmoja anayeishi Buguruni katika nyumba isiyo na namba, ambaye mwaka wake wa kuzaliwa una matoleo mawili, la cheti na la mama yake, huku baba mwenyewe akisisitiza kwamba wa mama mkubwa hawahusiki. Wanahusika, ikiwa kweli ni watoto wa baba. Wazazi wengi hudhani kuwa na ndugu ng'ambo kunamfukuzisha mtoto kazi kabla hajaianza, kwa hiyo humshauri apunguze orodha. Ndugu wa nje pekee hawamwondoi mtu, ila kuwaficha kunaweza kabisa. Ninawasihi wanafunzi waanze kukusanya taarifa hizi mapema, wakati wa sherehe za familia, ambapo shangazi wote wako chumba kimoja na wanasahihishana.

Kuhusu ubalozi, tumtazame Thomas Pickering mwenyewe, mwanadiplomasia ambaye programu imepewa jina lake. Aliingia katika utumishi wa kidiplomasia mwaka 1959, akawa konsula Zanzibar kuanzia 1965, mwaka mmoja tu baada ya mapinduzi, kisha naibu mkuu wa ubalozi Dar es Salaam, na Kiswahili alikijua. Ubalozi wake wa kwanza, wa Jordan, aliupata mwaka 1974. Ni miaka kumi na mitano. Binti wa yule mzazi akifanikiwa, huenda ataanza kwenye dirisha la viza, akiwahoji waombaji mmoja baada ya mwingine kwa lugha aliyojifunza kwa miezi michache. Kiswahili chenyewe taasisi ya mafunzo ya wizara hukikadiria wiki 36, muda uleule wa Kijerumani.

Yako mambo ambayo vipeperushi havisemi, nami sina majibu yake. Usaili humpa alama anayejieleza vizuri kwa muda mfupi, na sijashawishika kwamba huyo ndiye atakayestahimili mwaka wa pili katika mji wenye joto na umeme wa mashaka. Tena Julai 2025 wizara hiyo ilipunguza watumishi zaidi ya 1,300, wakiwamo maafisa wa kidiplomasia wapatao 246. Mwezi huohuo USAID, shirika la misaada ya maendeleo la Marekani, lilifungwa, na programu ya Payne, iliyokuwa ikiwaandaa maafisa wa shirika hilo, ikabaki bila mwajiri. Mkataba wa miaka mitano umebaki kuwa mzito upande mmoja kuliko mwingine. Kwa hiyo siku hizi, nikikaa na mwanafunzi kuusoma, tunaanza na kifungu cha kurejesha fedha. Cha posho atakisoma mwenyewe.